Warithi Watatu wa Bwana Idarus

Mtu ambaye barua ilisema anacheza mpira Ubelgiji, Quinter alimkuta Mkokoni Alhamisi asubuhi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafungua injini ya boti. Grisi ilikuwa imempanda hadi viwikoni.

"Wewe ndiye Ubaid Idarus?"

"Ndiye. Kama umeleta injini, weka foleni. Kuna mbili mbele yako."

"Sina injini. Nina barua."

Quinter alikuwa amefanya upelelezi wa polisi miaka tisa katika kituo cha Lamu, akatoka na cheo cha sajenti, na sasa alichunguza kwa niaba ya mawakili. Safari hii aliyemtuma ni wakili wa klabu moja ya Ubelgiji. Mshambuliaji wao, Faiz Idarus, mzaliwa wa Chundwa kisiwani Pate, alikuwa amefunga mabao kumi na tisa msimu uliopita, na klabu kubwa ya Ujerumani ilimtaka kabla dirisha la usajili halijafungwa. Ndipo barua isiyo na jina ikaingia ofisi za ligi. Ilisema Faiz wa kweli alikufa mtoto na kaburi lake liko Chundwa. Anayecheza ni kaka yake Ubaid, mtu wa miaka ishirini na saba, aliyechukua cheti cha marehemu ili apungue miaka sita. Kamati ya ligi ingeketi Jumatatu. Ikiamini barua, Faiz angefungiwa, na Ulaya kwake ingekuwa imekwisha.

Ubaid aliisoma nakala taratibu, akiishika kwa ncha za vidole isichafuke. Alipofika mwisho akacheka puani.

"Mimi huyu? Nikikimbia hapa hadi kwenye lile jahazi bovu, mtaniitia daktari. Wabelgiji wamenilipa lini?"

Koplo Nicodemus wa Mokowe, aliyepewa kazi ya kumsindikiza Quinter kwa sababu za usalama, alicheka pamoja naye. Alikuwa mtu wa bara, mwaka wa tatu sasa Lamu, na mpira aliupenda kuliko kazi.

"Thibitisha basi," Quinter alisema.

Ubaid alinawa mikono kwa petroli, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki. Kwanza akatoa kitambulisho: Ubaid Idarus, mzaliwa wa 1998. Kisha akakunjua karatasi yenye muhuri wa kadhi.

"Na hii hapa. Mirathi ya baba. Bwana Idarus alifariki elfu mbili ishirini na moja. Soma. Ubaid, mwana. Ni mimi. Kadhi hawezi kumrithisha mtu aliye mbali akisema yuko Mkokoni."

Quinter alipiga picha vyote viwili kwa simu.

"Ndugu yako mlizungumza lini?"

"Yana. Ndugu yangu kalazwa mezani, mtu amkanda mguu. Watu wengine hulipwa kwa kukandwa." Ubaid alichukua plagi, akaipuliza. "Lakini mdogo wangu kapata taabu, usidhani. Baridi ya kwanza alinipigia akilia. Hausikii mpira mguuni, asema, kama anapiga donge la ugali. Miezi mitano benchi. Nikamwambia rudi, injini ziko nyingi. Akanikatia simu. Wiki ya pili yake akaingizwa dakika za mwisho, akafunga mawili."

"Niliiona hiyo mechi!" Nicodemus alisema. "La pili alimpiga kipa chenga akamwacha amekaa chini."

"Na kaburi la Chundwa?" Quinter aliuliza. "Jana nilionyeshwa. Ni dogo."

Ubaid aliirudisha plagi mahali pake, akaikaza.

"Watoto hufa, Bi. Muulize mama."

Quinter aliona kuwa kwa mazungumzo yote hayo alisema "mdogo wangu" na "ndugu yangu", lakini jina la Faiz halikumtoka kinywani hata mara moja.

*

Ndani ya boti ya kuelekea Chundwa, Nicodemus alinyoosha miguu kama mtu aliyemaliza zamu.

"Kesi imeisha, Madam. Barua inasema Ubaid yuko Ulaya. Ubaid tumemshika mkono, una grisi yake. Barua ni ya uongo. Tukirudi Mokowe saa hii tunapata samaki wa moto."

"Nusu ya barua ni ya uongo."

"Nusu gani nyingine?"

Quinter alikuwa ameikuza picha ya karatasi ya kadhi. Alimpa simu.

"Nisomee warithi."

"Esha, mke. Ubaid, mwana. Hadil, binti." Nicodemus alipandisha picha, akaishusha. "Wengine wako ukurasa wa pili?"

"Hakuna ukurasa wa pili. Sasa soma minazi."

"Minazi tisini na sita. Mke kumi na miwili. Ubaid hamsini na sita. Hadil ishirini na minane."

"Mke amepata thumuni yake. Iliyobaki, mwana mafungu mawili, binti fungu moja. Imekwisha hapo. Faiz yuko wapi?"

Nicodemus alifikiri kidogo. "Yeye ni tajiri. Minazi ya nini? Alisamehe."

"Anayesamehe huandikwa kwanza, halafu husamehe. Nimekaa miaka tisa nikisuluhisha mashamba ya watu hawa. Kadhi huanza kwa kuuliza nani wako hai. Aliye hai huandikwa hata kama yuko mwezini. Mwaka huo wa 2021 Faiz alikuwa Mombasa, anacheza, anaonekana kwenye magazeti. Na mbele ya kadhi, mama na watoto wawili wakasema warithi ni watatu."

"Basi walimdhulumu."

"Angelalamika. Badala yake anawajengea nyumba."

"Basi ni mtoto wa nje. Si hao huwa hawarithi?"

"Inawezekana," Quinter alisema. "Lakini hilo halielezi lile kaburi."

Nicodemus alimrudishia simu. Habari za samaki wa moto hakuzitaja tena.

Maji yalikuwa yameanza kutoka walipofika, ikabidi washuke na kuvuka tope, viatu mkononi. Koplo aliteleza mara mbili. Mara ya pili alitukana kwa lugha ya kwao, Quinter akajifanya hakusikia.

*

Nyumba mpya ya Bi Esha ilikuwa ya mawe, na mabati ya rangi ya buluu. Nicodemus alikaa barazani, kama ilivyo adabu kwa mwanamume mgeni. Quinter alibisha hodi, akaingizwa ukumbini.

Bi Esha alikuwa ameketi mkekani akidarizi kofia. Umri wake ulikuwa hamsini na kitu. Alizaliwa Lamu mjini, akaolewa Chundwa, na usemi wa Lamu haukumtoka. Binti yake Hadil, wa miaka kumi na minane, alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya chai, kichwa wazi, nywele mbichi zimeanguka mabegani, anazungumza na kijana aliyeonekana kwenye kioo amevaa fulana ya mazoezi.

"Umekonda. Waambie wakupe wali."

"Wali huku ni dawa," kijana alisema. "Napimiwa vijiko."

"Basi rudi nikupikie. Mpelelezi wako huyu hapa, amekalia kiti chako."

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba," Quinter alisema. "Mguu vipi?"

"Mguu mzima. Kinachouma ni kukaa. Wamenizuia kucheza mpaka Jumatatu. Nafanya mazoezi peke yangu, wenzangu wanapita mbali kama nina ndui." Alitazama pembeni. "Wananiita. Hadil, mwambie mama asilie mbele ya wageni."

"Nani alia?" Bi Esha alisema bila kuinua macho. "Enda zako."

Simu ikazimika. Wakati huohuo Nicodemus akakohoa mlangoni, akaomba maji. Kabla hajamaliza kuomba, Hadil alikuwa ameshavuta leso na kujifunika hadi kwenye nyusi. Akampelekea maji kwa mkono ulionyooshwa nyuma ya pazia, akarudi, akaivua leso, akaendelea kuchana nywele.

Quinter aliyatazama hayo yote. Kisha akamgeukia mama.

"Bi Esha, jana uliniambia mwanao yuko Ubelgiji."

"Yuko Ubelgiji. Si umemuona sasa hivi?"

"Nimemuona. Faiz yuko wapi?"

"Mwanangu yuko Ubelgiji."

"Sikuuliza hivyo. Umezaa watoto wangapi?"

Sindano ilisimama. "Watatu."

"Walio hai?"

Hadil aliacha kuchana.

"Wawili," Bi Esha alisema. "Nawe ndiwe wa kwanza kuniuliza hivyo. Wote waliokuya hapa huuliza Faiz ana miaka mingapi. Hakuna aliyeuliza mimi nimezaa wangapi."

"Mama," Hadil alisema.

"Mama nini? Mtu akiniuliza hesabu ya tumbo langu nimdanganye?"

Quinter alifungua daftari lake.

"Nitakwambia nilichokiona, nikikosea unirekebishe. Kaburi ni la Faiz. Barua imesema kweli hapo. Mume wako alipokufa, huyu wa Ubelgiji hakuandikwa kwa kadhi. Kwa hiyo si mwana wa Bwana Idarus. Nikadhani mlimlea tu, mtoto wa watu. Lakini mtoto wa watu akishabaleghe, Hadil angejifunika mbele yake kama alivyojifunika kwa koplo. Hakujifunika. Harithi, lakini ni ndugu wa kutazamana nywele. Najua aina moja tu ya ndugu kama huyo."

"Sema."

"Mtoto wa ziwa. Ulimnyonyesha."

Bi Esha aliichomeka sindano kwenye kofia, akaiweka kando.

"Chundwa nzima yajua," alisema. "Si siri. Mmenyamaziwa nyinyi tu."

"Ndiyo maana najua barua haikuandikwa na mtu wa Chundwa. Wa Chundwa angejua ziwa, na angejua Ubaid yuko Mkokoni. Huyu alisikia habari za kaburi pekee, nyingine akazijazia mwenyewe. Lakini huyo nitamtafuta siku nyingine. Nieleze ya mtoto."

Bi Esha alieleza kwa ufupi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Faiz wake alizaliwa hospitali, akapewa cheti. Akiwa na miezi tisa akashikwa na homa Alhamisi, Ijumaa baada ya sala akazikwa. Hakuna aliyekwenda kwa chifu kuandikisha kifo. Mtoto mchanga huzikwa siku ileile na watu wakarudi makwao. Maziwa yalikuwa yamemjaa, kifua kinamuuma. Jirani yake, Sumeiya, alikuwa mja mzito, na mumewe Bwanamkuu alikuwa amekwenda Kismayu na chombo na hakurudi tena. Siku tano baada ya mazishi Sumeiya alijifungua nyumbani, damu ikakataa kusimama.

"Wakaniletea mwana yuwalia kwa ndaa, mamake hajaoshwa bado. Nikamtia kifuani. Alivuta kama anidai."

"Mlimwitaje?"

"Hamdun. Sumeiya alikuwa amelitaja jina kabla hajazaa. Hamdun bin Bwanamkuu."

"Ilikuwa tarehe gani?"

"Tarehe mimi nazijua? Ilikuwa siku tatu baada ya ile siku bahari iliyokuya na kutoka, ikaya tena, mayi yakapanda palipokuwa kukavu na samaki wakabaki tini wakirukaruka."

Quinter aliandika, akapiga mstari chini. Siku hiyo ya tsunami kila mtu wa pwani aliikumbuka: Jumapili, tarehe ishirini na sita Desemba, 2004. Siku tatu mbele ni Jumatano, tarehe ishirini na tisa. Faiz aliyezikwa Ijumaa, basi, alizikwa tarehe ishirini na nne.

"Na cheti?"

Hapo Hadil alijibu kwa niaba ya mama yake.

"Ni mtihani wa darasa la nane. Mwalimu alisema asiye na cheti hasajiliwi. Tukaenda ofisi Lamu mara tatu. Wanataka kitambulisho cha mama, mama amekufa. Wanataka cha baba, baba hajulikani aliko. Siku ya mwisho ya usajili ikafika."

"Cha Faiz kilikuwa sandukuni," Bi Esha alisema. "Nilikiweka kwa kumbukumbu. Nikasema nimuazime kwa mtihani tu, kisha nikirudishe."

"Hakikurudi."

"Mtihani ukatoka na jina la Faiz. Shule ya Mombasa ikamchukua kwa mpira, kwa jina la Faiz. Kitambulisho, Faiz. Pasi ya kusafiria, Faiz. Kila nilipotaka kukivua, alikuwa ameshavaa kingine juu yake. Mume wangu alinikasirikia mpaka anakufa. Akasema, karatasi ya serikali haimpi mtu baba. Akaniapisha: kwa kadhi, warithi watatu. Nami nikasema watatu."

Serikali walikuwa wameidanganya. Mirathi hawakuthubutu. Quinter aliliandika hilo kwa maneno makavu zaidi.

*

Alifanya hesabu pembeni mwa ukurasa, akamgeuzia Hadil asome.

"Barua inasema ana ishirini na saba. Cheti kinasema ishirini na mmoja. Yeye mwenyewe ana ishirini."

Hadil aliangua kicheko. "Kwa hiyo wanamshtaki ni mzee, kumbe ni mdogo? Basi yuko salama."

"Hapana."

Kicheko kikakatika.

"Alisaini Ubelgiji Machi 2022, wiki moja baada ya kutimiza kumi na minane ya cheti. Sheria ya mpira inakataza kumtoa mtoto wa chini ya kumi na minane Afrika kumpeleka kuchezea Ulaya. Kwa umri wake alikuwa na kumi na saba na miezi mitatu. Na jina si lake."

Simu ya Quinter ilitetemeka. Ni wakili wa Ubelgiji, kwa mara ya tatu tangu asubuhi, na swali lilelile: ana umri mkubwa kuliko ulioandikwa, ndiyo au la? Quinter aliwaonyesha.

"Nililipwa kujibu hili. Nikiandika 'la', nitakuwa nimesema kweli, na Jumatatu atapita."

"Andika basi," Hadil alisema.

"Aliyeandika barua ya kwanza ataandika ya pili. Safari hiyo atauliza swali zuri zaidi. Na ndugu yako atakuwa ameketi mbele ya kamati, mtu mzima, akaapa kwamba yeye ni Faiz. Leo bado hajaapa. Leo ni mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyepewa karatasi na mkubwa wake akaambiwa shika. Hilo laweza kusameheka. Labda miezi michache nje ya uwanja, labda Ujerumani isubiri. Lile jingine halisameheki."

"Labda," Bi Esha alisema.

"Siwezi kukuahidi zaidi ya labda. Na ili wamwamini kuwa alikuwa mtoto, lazima huyo mkubwa aliyetoa karatasi ajulikane."

"Ni kosa la serikali?"

"Ni kosa."

"Kifungo?"

"Kifungo au faini. Hakimu ndiye anayejua."

"Mama, usimsikilize," Hadil alisema. "Huyu analipwa na hao hao. Akishaondoka na maneno yako, nani atakuja kukutazama rumande, yeye?"

Swali lilikuwa la haki.

Bi Esha aliitazama kofia yake, akaukata uzi uliobaki kwa meno.

"Hadil, niletee buibui."

"Mama."

"Niletee. Au nitoke kwa koplo na leso ya jikoni?"

Quinter alimwandikia wakili maneno machache: *Si mkubwa. Ni mdogo. Maelezo kamili yanafuata na sahihi ya mlezi.* Hakusubiri jibu.

Nicodemus alisimama alipoona mwanamke anatoka. Aliyasikia mengi kupitia dirisha, uso wake ulionyesha.

"Mama, nikueleze mapema," alisema. "Ukianza kusema, mimi nitaandika. Mimi sijui kuandika nusu."

"Nami sijui kusema nusu. Keti."

Aliketi. Akatoa kitabu cha maelezo, akaanza kwa utaratibu aliofundishwa chuoni, uleule kwa mwizi wa mbuzi na kwa shahidi wa ajali: jina, umri, dini, kazi. Bi Esha alijibu moja baada ya jingine. Kazi, kudarizi kofia. Akaeleza homa, Sumeiya, sanduku, mwalimu. Koplo aliandika kwa herufi kubwakubwa, ulimi umetokeza kidogo. Alipokosea tarehe Quinter alimsahihisha. Hadil alisimama nyuma ya pazia, haonekani, ila mara mojamoja pazia lilivutwa.

"Huyo mchezaji nimwandike nani?"

"Hamdun bin Bwanamkuu. Mama yake Sumeiya. Mimi nimemnyonyesha, andika na hilo."

Akaandika.

"Na marehemu? Kifo chake hakikuandikishwa, kwa hiyo nitafungua ukurasa mwingine, chifu agongee muhuri." Nicodemus alifungua ukurasa mpya, akapiga mistari kwa ukingo wa kitambulisho chake. "Jina?"

"Faiz Idarus."

"Umri?"

"Miezi tisa."

"Dini?"

"Muislamu."

"Kazi?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Koplo alibaki na kalamu hewani, masikio yamemwiva, akatafuta namna ya kulifuta. Quinter alitazama uani.

Bi Esha alilifikiria swali kama alivyofikiria mengine.

"Alikuwa ameanza kutambaa," alisema.

Nicodemus aliinama, akaliandika hivyo hivyo.